Mkimbiaji Aliyeamua Mapema

Eric Liddell alizaliwa China mwaka 1902, mwana wa wamisionari Waskoti. Waingereza walimtegemea ashinde mita 100 katika Olimpiki ya Paris, 1924. Ratiba ilionyesha mchujo ungekuwa Jumapili, siku aliyoitakasa yeye. Alikataa miezi kadhaa kabla, akajizoeza mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka 1925 alirudi China kuhubiri. Alifia katika kambi ya Wajapani, 1945, ambako aliwachezesha watoto michezo.

Sisi twaitunza Sabato ya siku ya saba. Mzazi wa Kibiti au wa delta, mwanao akichaguliwa UMITASHUMTA, usingoje Ijumaa jioni. Ulizia ratiba mapema, uende naye kwa mwalimu. Je, nyumbani kwenu mmekwisha kuamua?