C. V. Raman, Mtumishi wa Serikali Aliyeuliza Rangi ya Maji

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlio madarasani sasa, sote tumesimama ufukweni Ujiji tukaona jinsi ziwa lilivyo la buluu. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika daftarini kwamba buluu ile ni mbingu tu inayojitazama majini. Nilipewa alama zote.

Hata Lord Rayleigh, bingwa wa Uingereza, alisema hivyo kuhusu bahari. Aliyemkatalia ni Chandrasekhara Venkata Raman, mzaliwa wa Tiruchirappalli, India ya kusini, tarehe 7 Novemba 1888. Sisi watumishi wa serikali tuna haki ya kumwita mwenzetu. Mwaka 1907 aliingia Idara ya Fedha. Mchana alishughulika na mahesabu ya serikali, alfajiri na jioni akafanya majaribio katika chama cha sayansi cha Calcutta. Mwaka 1917 aliiacha kazi hiyo akafundishe Chuo Kikuu kwa mshahara mdogo zaidi. (Mimi nisingethubutu.)

Mwaka 1921, akirudi kwao kwa meli kutoka Uingereza, aliitazama Bahari ya Mediterania kupitia kipande cha fuwele kinachozuia mng'ao wa juu ya maji. Mbingu iliondoka, buluu ikabaki! Kumbe molekuli za maji zenyewe hutawanya mwanga. Siku hizi twajua pia kwamba maji huinyonya rangi nyekundu, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi.

Hakuishia hapo. Mwaka 1928 yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, wakianza na mwanga wa jua, vioo vya rangi na macho yao, waliona kwamba sehemu ndogo mno ya mwanga uliotawanywa hutoka na rangi nyingine, kwani molekuli inayotetemeka huupunguzia au huuongezea nguvu. Kramers na Heisenberg walikwisha kuandika hesabu yake mwaka 1925. Hesabu hiyo yaonyesha jambo jingine: rangi ya mwanga ikikaribia ile ambayo molekuli huinyonya, mtawanyo huongezeka mara nyingi mno, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Kwa njia hiyo wataalamu huweza kuitambua rangi ya damu hata ikiwa haba.

Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, akafariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970.

Daftari langu bado ninalo. Zile alama nimezikata kwa kalamu nyekundu.