SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI NA HISABU YA WAKATI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika darasa yetu hapa Ukunda limezoeleka neno moja ambalo kila mtu analo mdomoni, nalo ni: sina wakati. Kijana wa bodaboda hana wakati wa kujifunza Qur'ani. Anayefanya kazi katika mahoteli ya Diani hana wakati wa kukaa na watoto wake. Mwenye duka hana wakati wa kuandika hisabu zake. Na mimi mwalimu wenu, nisijitoe katika lawama, nimelisema neno hilo mara nyingi. Kisha jioni sote huonekana barazani, tumekaa tangu Alasiri hata karibu na Magharibi, tukizungumza khabari ambazo asubuhi yake hapana anayezikumbuka.

Kwa hivyo nimeona yafaa niwasimulie maisha ya mtu mmoja wa pwani yetu hii hii, aliyekula chakula chetu na kusema lugha yetu, ili tulipime neno letu kwa mizani ya umri wake. Mtu huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, sawa na mwaka 1308 wa Hijra, katika ukoo wa Mazrui uliopata kuitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, na ambao tawi lake moja lilikaa karibu nasi hapa, Gazi. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa. Lakini mtoto hakupata kusoma kwake, kwani baba alifariki mwaka 1894, na Al-Amin hajatimiza miaka minne. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia mtu wa elimu, akamsomesha kama anavyosomeshwa mwana wa kuzaa.

Tuzingatie hapa. Yatima aliyeachwa katika umri huo angaliweza kuupitisha ujana wake kwa kujivunia jina la ukoo, maana jina lenyewe lilitosha kumpatia heshima mitaani. Yeye hakuitegemea heshima ya waliokwisha kufa. Alifunga safari za baharini mpaka Unguja kuitafuta elimu kwa mabingwa wawili wa zama zile: Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri aliyezaliwa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu akaja kusomesha Unguja. Kutoka Mombasa kwenda Unguja si safari ya kutoka Ukunda kwenda Likoni. Mtu huacha nyumba yake na shughuli zake, akangojea chombo, akavumilia bahari. Wengi walijua kwamba elimu iko Unguja, na wengi walinuia kuifuata siku moja. Yeye alikwenda.

Mwaka 1925 masheikh wale wawili walifariki wote, katika mwaka mmoja. Al-Amin alikuwa na umri wa miaka 34. Lau angalisema kwamba angali kijana na mwaka ujao upo, angalifika Unguja akakuta makaburi. Hii ndiyo khasara ya kuahirisha: mtu hudhani kwamba wakati ni wake, na kumbe una wenyewe wengine. Kuna wakati wa mwanafunzi na kuna wakati wa mwalimu, na elimu hupatikana pale tu nyakati mbili hizo zinapokutana.

Neno hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa limenipata. Nilikuwa na mwalimu wangu, mzee aliyehifadhi fat'wa na visa vingi vya maulamaa wa Kwale, na vyote vilikuwa kifuani mwake, havikuandikwa popote. Nilimwahidi kwamba nitakuja na daftari baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, nikasema baada ya Mfungo Tatu. Nilikuwa na harusi ya kuhudhuria, kisha nyumba ya kuezeka, kisha mgeni. Siku niliyokwenda kwake nilikwenda kumsalia jeneza. Daftari ninalo mpaka leo, na kurasa zake ni nyeupe.

Turudi kwa Sheikh. Alipokuwa amekwisha kutimia kielimu, alitazama hali ya Waislamu wa pwani akaiona imelegea. Alikuwa msomaji wa maandishi ya watengenezaji wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida mwenye jarida la Al-Manar, naye akapenda kuwafikishia watu wake mafunzo ya namna ile kwa lugha wanayoifahamu. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwahimiza watu kusomesha watoto wao, wa kiume na wa kike. Aliwakemea kwa kutapanya mali katika sherehe na matanga. Aliwalaumu walioiga mavazi na starehe za Wazungu wakaacha kuiga bidii yao ya kazi na elimu.

Basi tazama namna alivyoifanya kazi hii. Hakungoja mpaka apate miaka mitano ya faragha aandike kitabu kikubwa. Alichukua kipimo kidogo, karatasi ya kutoka kila wiki, akajifunga nacho. Wiki haimngoji mtu: ikifika siku yake, maneno lazima yawe tayari, mwandishi awe na furaha au awe na huzuni. Karatasi moja peke yake ni kitu chepesi, upepo huichukua. Lakini makala zile zilipokusanywa zikawa kitabu, ndicho kiitwacho Uwongozi, ambacho watu wa pwani wamekisoma kwa miaka mingi baada ya yeye kufariki. Ndugu zangu, mwenye kungojea wakati mwingi hapati hata mchache, na mwenye kuushika mchache kila wiki hujikuta amepata mwingi. Dini yetu imekwisha kutufundisha kwamba amali ipendezayo kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo.

Mwaka ule ule wa 1932 akafanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Gazeti la Al-Islah halikuishi miaka mingi. Yuko atakayesikitika kwamba kalamu ya gazeti iliwekwa chini, lakini mimi naona katika jambo hili funzo la pili. Saa za mtu ni zile zile, hawezi kuzizidisha kwa kuongeza majina ya kazi. Ukadhi ni amana ya watu. Mjane angojea mirathi yake, mke angojea kujua kama yuko katika ndoa au ameachwa, yatima angojea mali yake itoke mkononi mwa msimamizi. Kadhi akichelewa hapotezi saa yake, hupoteza saa za wote waliokaa nje ya mlango wake. Fanyeni hisabu: mtu mmoja akiwachelewesha watu 20 kwa nusu saa, amekula saa 10 za umri wa Waislamu, na hapana anayemwita mwizi.

Haya yanatuhusu sote tunaokula mshahara. Mwenye zamu hotelini akifika nyuma ya saa yake, mwenziwe aliyekesha hukaa akimngojea, na mke wa mwenziwe hungojea nyumbani. Saa za kazi tumekwisha kuziuza. Kuzitumia katika porojo ni sawa na kuuza nazi kisha ukarudi usiku kuichukua.

Wala asidhani mtu kwamba ukadhi ulimfanya Sheikh aache elimu. Alisomesha, na madrasa ya Al-Ghazali ya Mombasa ni katika athari zake. Aliandika vitabu vidogo vya mafunzo ya dini, kama Hidayatul Atfal cha watoto. Aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wake na ya Mombasa, ambayo ilibaki hati ya mkono mpaka ikachapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Tena kazi zake zilisaidiana: aliyoyasomesha huyaandika, na aliyoyaandika hurejea kusomeshwa. Sisi wengi kazi zetu hupigana, kila moja ikimvuta mtu upande wake, kwa kuwa hatukuzipanga zielekee kibla kimoja.

Khabari ninayotaka mwiweke moyoni kuliko zote ni hii. Sheikh alianza kuifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili. Tafsiri iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ya padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, iliyotoka mwaka 1923, na Waislamu walikuwa na haja ya tafsiri itokayo kwa mwanachuoni wao. Akashika kazi hiyo pamoja na ukadhi, pamoja na kusomesha, pamoja na kulea. Lakini mwaka 1947, mwaka 1366 wa Hijra, ajali yake ikafika, naye hajaimaliza. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Basi kama mtu wa namna ile, aliyeuchunga wakati wake hivyo, alifariki na kazi yake kubwa iko nusu, sisi tunaoutupa wakati barazani tutaacha nini? Mtu huweza kudhani kwamba anayepanga saa zake atazimaliza kazi zake zote. Sivyo. Umri hautoshi hata kwa mwenye bidii. Faida ya kuuchunga wakati ni kwamba siku utakapoitwa, utakuwa umeacha kitu ambacho mwingine aweza kukishika pale ulipokiachia. Sehemu ya tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1980. Na kabla ya hapo, mwaka 1969, Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa amekwisha kutoa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Sheikh, Muhammad Kassim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu, akaandika vitabu, na akatoa gazeti la Sauti ya Haki. Mtoto wake Ali, aliyezaliwa mwaka 1933 na kuachwa na baba yake akiwa na miaka 14, akawa profesa anayejulikana ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2014. Mti hukatwa, na vivuli vya miche yake vikaendelea kufunika watu.

Fanyeni hisabu nyingine. Tangu Sahifa mpaka kufa kwake ni miaka 17 tu, na karibu yote tunayomkumbukia yamo ndani ya miaka hiyo. Nani kati yetu hajapoteza miaka 17? Mimi nimekwisha kuvuka miaka 40, na hesabu hii imeninyima usingizi.

Watu wetu hupenda kujitetea kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini imewekwa mahali sipo. Anayekimbia ni yule aliyechelewa. Aliyetoka nyumbani kwa wakati hutembea kwa utulivu akafika, na aliyelala ndiye anayemhimiza dereva wa matatu akatie roho za watu khatarini kwa ajili ya kivuko cha Likoni. Kuuchunga wakati ndiyo dawa ya haraka.

Na Mwenyezi Mungu hakutuacha bila ya saa. Katika sura fupi ya Al-Asr, ambayo watoto wetu huisoma kwa pumzi moja, ameapa kwa wakati na akatubainishia walio katika khasara. Ametuwekea Sala tano, nazo ni vigingi vitano vilivyoshikilia hema ya siku yetu. Baina ya kigingi na kigingi tuweke kazi moja yenye jina. Baada ya Alfajiri, kurasa za Qur'ani au hisabu za duka. Baada ya Adhuhuri, kazi ya mshahara bila ya kuiba saa. Baada ya Alasiri, nusu saa barazani yatosha, kwani kujuana na jirani ni katika dini, kisha mtu arejee kwa watoto wake. Baada ya Isha, darasa, kisha kulala, kwani mwili nao una haki yake, na mke ana haki yake. Na anayengoja feri Likoni, ana sura moja aweza kuidurusi mpaka mlango ufunguliwe.

Kwa upande wetu, darasa yetu itaanza mara baada ya Sala ya Isha, wawe wamefika watu 30 au wamefika wawili. Na mimi nimewatafuta wazee watatu walio hai waliosoma pamoja na mwalimu wangu. Wa kwanza nitakwenda kwake Jumamosi hii, inshallah, na daftari lile lile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na maulamaa wetu wote waliotangulia, abariki saa zilizosalia katika umri wetu, wala asitujaalie kuwa katika watakaoomba kurejeshwa duniani wakati ambapo hakuna tena kurejea. Amin.

Wabillahi tawfiq.