Mtunzi Aliyefutwa Jina

Wengi wetu tumeiona sinema ya Born Free, iwe katika majumba ya sinema ya Mombasa au baadaye katika televisheni. Ni ile ya Elsa, simba jike aliyelelewa nyumbani kama paka kisha akarudishwa mwituni. Tumemwona akicheza ufukweni na mawimbi ya bahari hii yetu. Tumemjua Bwana Nyama George Adamson na mkewe Joy, aliyeandika kitabu cha Elsa mwaka 1960. Lakini ni wangapi kati yetu waliosoma majina yanayopita mwanzoni, wakaona kuwa mtunzi wake ni Gerald L.C. Copley? Mtu huyo hakupata kuzaliwa wala kufa. Mtunzi wa kweli aliitwa Lester Cole.

Cole alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1904, mwana wa Mayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland. Shule aliiacha akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaingia katika michezo ya jukwaani, kisha akafika Hollywood. Tangu mwaka 1932 hata 1947 alitunga, peke yake au kwa kushirikiana, sinema zaidi ya arobaini. Nyingi zilikuwa kazi ya riziki tu. Nyingine zina uzito wake: None Shall Escape ya mwaka 1944 iliwaweka wakuu wa Kinazi kizimbani hali vita vyenyewe havijaisha, na Blood on the Sun ya mwaka 1945 aliicheza James Cagney.

Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha watunzi wa sinema, maana wakati ule mwenye studio aliweza kulibandika au kulibandua jina la mtunzi kama apendavyo. Mwaka uliofuata akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Sisi wa pwani tulioanzia chuoni, juzuu mkononi, hatuna la kushirikiana na imani hiyo, na Cole aliishikilia hata pale wenzake wengi walipoyaona maovu ya Stalin wakaiacha. Katika hilo alikuwa mkaidi. Lakini alilotendewa halikuwa la haki.

Oktoba 1947 kamati ya bunge la Marekani ilimwita Washington pamoja na wenzake. Waliulizwa kama ni wanachama wa chama chao cha kazi na kama ni wakomunisti. Kila mtu alijua kuwa anayejibu swali la pili atafuatiwa na la tatu: awataje wengine. Watu kumi walikataa kujibu walivyotakiwa, Cole akiwa mmojawapo. Studio zikatangaza kuwa hawatapewa kazi. Kampuni ya MGM ikamsimamisha. Akaishitaki na kushinda, kisha ushindi ukatenguliwa katika rufaa. Mwaka 1950 akapelekwa jela ya Danbury, kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 1,000.

Humo jela, ndugu msomaji, alimkuta nani? Alimkuta J. Parnell Thomas, yule yule mwenyekiti wa kamati, amefungwa kwa kula mishahara ya makarani wasiokuwapo. Amepewa kazi ya kuangalia kuku.

Nilikuwa Lodwar nilipoanza kumfikiria sana Cole, mbele ya nyumba aliyowekwa Mzee Kenyatta tangu mwaka 1959, alipotolewa Lokitaung, mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Jua la pale likikuchoma utosini huoni tabu kufahamu jinsi serikali inavyoweza kumwondoa mtu machoni pa watu bila ya kumwua. Cole, alipotoka jela, aliachwa aende atakako. Kilichopelekwa uhamishoni ni jina lake. Alifanya kazi ghalani na katika mikahawa, akaandika kwa siri chini ya majina ya kubuni, hata akahamia Uingereza.

Huko ndiko alikopata kazi ya kukigeuza kitabu cha Joy Adamson kuwa mchezo wa sinema. Ilipigwa picha hapa Kenya, upande wa Naro Moru, chini ya mwelekezi James Hill. Wakati huo mfungwa wa Lodwar alikwisha kuwa mkuu wa nchi, na mtunzi wa sinema angali amejificha nyuma ya Copley. Ilitoka mwaka 1966. Muziki wa John Barry ukapata tuzo mbili za Oscar.

Hapa nina neno na Cole mwenyewe. Makedde, askari wa Bwana Nyama aliyekuwa akimlinda Elsa, alikuwa Mturkana. Naye Nuru alimlea simba yule tangu mchanga. Katika sinema wamechezwa na Omar Chambati na Peter Lukoye, nao wamepewa maneno machache, kama watu wa kubeba mizigo ya hadithi ya wengine. Ningemtazamia aliyefutwa jina lake awape nafasi kubwa zaidi.

Kutoka Lodwar nilikwenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha sinema pale usiku, kitambaa kimetundikwa ubavuni mwa lori. Niliketi mchangani pamoja na vijana. Sinema ilipokwisha wote waliinuka kabla majina hayajamaliza kupita, nami nikabaki peke yangu nikiyasoma. Mshairi wa kwetu hutia jina lake katika beti za mwisho akijua kuwa anayeghani atafika huko. Mtunzi wa sinema hana beti hiyo.

Baadaye Cole alirudi California, akafundisha utunzi wa sinema katika Chuo Kikuu cha Berkeley. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha maisha yake, Hollywood Red, chenye jina lake halisi jaladani. Alifariki San Francisco tarehe 15 Agosti 1985, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Nakala za zamani za Born Free bado zinazunguka, na ndani yake mtunzi ni Copley.