Yohani Kinyala Lauwo, Kiongozi wa Njia ya Kibo

Ukiwa Songea na kuitazama milima ya Matogoro, waona miti na kijani kibichi, na wakumbuka kwamba Mto Ruvuma, ulioupa mkoa wetu jina, huanzia katika milima hiyo. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia habari za mlima, mara moja hufikiri juu ya maji na kivuli. Lakini uko mlima katika nchi yetu hii ambao mwenye kuupanda, akiisha kuupita msitu, huingia jangwani. Mlima huo ni Kilimanjaro, na mtu ambaye napenda uyajue maisha yake ni Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu.

Kwanza yafaa uijue njia yenyewe. Chini kabisa ni migomba ya Wachagga. Juu yake ni msitu mzito wenye mvua nyingi, kisha nyasi na vichaka. Baada ya kupita meta 4,000 hivi, mimea hutoweka kabisa isipokuwa michache iliyojificha penye mawe. Kati ya kilele cha Kibo na kilele cha Mawenzi pana uwanda mkavu wa mchanga na mawe, ambao kwa mwaka mzima haupati hata milimeta 250 za mvua. Mchana jua huunguza ngozi. Usiku maji huganda. Ndipo juu yake Kibo husimama na barafu yake, hata kufikia meta 5,895. Huko kileleni kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya hewa safi aipatayo pwani. Nchi ya namna hiyo haina shamba, haina kisima wala mwenyeji wa kuulizwa njia.

Inasimuliwa kwamba Lauwo alizaliwa mwaka 1871. Kama hesabu hiyo ni sahihi, basi mwaka 1889 alikuwa kijana wa miaka 18. Watu wake waliufahamu msitu kwa kuwinda na kutafuta asali, naye alijifunza mapito yake tangu utotoni. Yasemwa pia kwamba aliitwa barazani mbele ya Mangi Marealle wa Marangu kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara. Siku hizo walikuwapo wageni waliotaka mtu wa kuwaonyesha njia ya mlimani, na yule kijana aliyekuja kujibu mashtaka akachaguliwa kuwa kiongozi wao.

Mgeni mkubwa alikuwa Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig. Alikwisha kujaribu mwaka 1887, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini vita vya Abushiri vikawakuta, wakakamatwa na kutiwa minyororo, wakaachiliwa kwa kutoa fidia. Mara ya tatu, mwaka 1889, alifuatana na Ludwig Purtscheller wa Austria, mpanda milima hodari. Alikuwa amejifunza kwamba adui mkubwa wa mpandaji ni njaa. Kwa hiyo aliweka kambi chini, na nyingine juu kwenye ule uwanda mkavu, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache.

Hebu tafakari, ewe msomaji, maana ya kazi hiyo. Watu waliozoea joto la migomba walibeba mizigo kichwani hadi penye baridi ya kugandisha maji, wakashuka, kisha wakapanda tena. Mmoja wao, Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa pamoja na wale Wazungu wawili katika kambi ya juu, akiitunza na kupika. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika kwenye ukingo wa juu wa Kibo, lakini muda uliwaishia, wakarudi. Tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walikifikia kilele chenyewe. Meyer akakipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Jina hilo halikudumu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge juu kabisa, na kilele kikaitwa Uhuru.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Wako wasemao kwamba Lauwo alisimama kileleni siku ile pamoja na wageni wake. Kitabu alichokiandika Meyer chawataja wawili tu, yeye na Purtscheller. Mpenda haki hamwongezei mtu sifa kwa sababu tu ni wa kwao, wala hampunguzii kwa sababu hakujua kuandika kitabu. Lililo wazi ni kwamba bila wenyeji waliozijua njia za msitu, na bila migongo ya wapagazi, hakuna mgeni ambaye angekula wala kulala katika jangwa lile. Ushindi ulikuwa wa wengi, lakini kwa miaka mingi dunia ilikariri majina mawili tu.

Na Lauwo alifanya nini wakati huo? Hakukaa kijijini kudai heshima. Inasimuliwa kwamba aliendelea na kazi ya kuongoza watu mlimani kwa zaidi ya miaka 70. Fahamu ya kuwa baada ya Meyer ilipita miaka 20 kabla ya wapandaji wengine kukifikia tena kilele, mwaka 1909. Baadaye wageni waliongezeka mwaka hata mwaka, nayo Marangu ikawa mji wa viongozi na wapagazi. Mtawala Mjerumani aliondoka, akaja Mwingereza, naye akaondoka. Lauwo alibaki na njia yake. Wageni aliowaongoza walirudi makwao wakiwa na sifa ya kupanda mlima, naye alirudi kwenye migomba yake kungoja safari nyingine.

Mwaka 1989 ulipotimia mwaka wa mia moja tangu safari ile, ndipo watu walipouliza kama yuko hata mmoja aliye hai miongoni mwa wenyeji walioshiriki. Mzee Lauwo akatajwa, akatambuliwa, na akajengewa nyumba huko Marangu. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1996, akihesabiwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 120. Leo jina lake na majina ya wenzake yamewekwa katika kumbukumbu penye lango la Marangu, mahali waanziapo wapandaji.

Mpenzi msomaji, wewe unayeitafuta kweli, maisha haya yana mafunzo mawili kwako. La kwanza, aendaye katika nchi asiyoijua humhitaji aliyekwisha ipita. Katika jangwa la Kibo nguvu za miguu hazitoshi. Vijana wenye haraka huugua na kurudishwa, na wazee waendao polepole hufika. Basi usione haya kuuliza njia, wala usimdharau mwenye kuijua kwa sababu ya nguo zake au uchache wa elimu yake ya shule.

La pili, tenda wema bila kungoja jina. Lauwo alingoja miaka 100, na lau angefariki mapema kama wenzake wengi, asingeiona heshima ile kabisa. Je, kazi yake ingekuwa bure? La, hasha! Kila aliyemfikisha juu na kumrudisha salama kwa watoto wake alikuwa ushahidi wa kutosha. Watu huweza kusahau kuandika, lakini Mwenyezi Mungu hasahau ujira wa mtenda mema hata mmoja. Tazama basi leo, nyumbani mwako na kazini mwako, ni nani achukuaye mzigo wako pasipo kutajwa, ukampe haki yake angali hai.