Robert Wangila

Robert Napunyi Wangila (Nairobi, 3 Septemba 1967 – Las Vegas, Marekani, 24 Julai 1994) alikuwa mwanamasumbwi kutoka nchi ya Kenya. Anajulikana hasa kwa kushinda medali ya dhahabu ya uzito wa welta katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988 huko Seoul, Korea Kusini. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Baada ya hapo alihamia ngumi za kulipwa nchini Marekani, na alifariki akiwa na umri wa miaka 26 kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni.

Mara nyingi huandikwa kwamba alikuwa bondia wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kupata dhahabu hiyo. Kauli hiyo si sahihi. Afrika Kusini ilikuwa imeshapata dhahabu kadhaa za ngumi kati ya mwaka 1920 na 1948, lakini mabondia wake wote walikuwa Wazungu, kwa kuwa wakati huo weusi hawakuruhusiwa kuiwakilisha nchi hiyo.

Ngumi za Afrika Mashariki kabla yake

Wangila alikulia katika nchi iliyokuwa na mila imara ya ngumi za ridhaa, ambazo Wakenya wengi huziita ndondi. Mabondia wazuri waliajiriwa na polisi, magereza, jeshi au mashirika makubwa. Walipata mshahara na mahali pa kufanyia mazoezi, na walipigania timu ya mwajiri wao kabla ya kuitwa timu ya taifa. Hakukuwa na utajiri humo, lakini kulikuwa na kazi ya kudumu.

Matunda yake yalionekana mapema. Philip Waruinge alipata shaba mjini Mexico mwaka 1968 na kutunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika mashindano. Mwaka 1972 mjini Munich alirudi na fedha, huku Dick Murunga na Samuel Mbugua wakipata shaba. Waganda nao walikuwa wakali: Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walipata medali mwaka 1968, na John Mugabi alipata fedha ya uzito wa welta mjini Moscow mwaka 1980. Tanzania ilikuwa na Titus Simba, aliyepata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 mjini Edinburgh.

Kenya haikushiriki Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu za kisiasa, hivyo kizazi kizima cha mabondia wake kilikosa nafasi hiyo. Waliporejea Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali alipata shaba ya uzito wa flai. Dhahabu ilikuwa bado haijapatikana.

Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika Yote. Wangila, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, alishinda dhahabu mbele ya watu wa nyumbani. Hapo ndipo alipoanza kuonekana kama tegemeo la nchi kwa mwaka uliofuata.

Olimpiki ya Seoul

Mashindano ya ngumi ya Seoul yalifanyika katika Ukumbi wa Wanafunzi wa Jamsil. Washiriki walikuwa wengi kiasi kwamba katika raundi za awali zilitumika ulingo mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingine kengele ya ulingo mmoja iliwachanganya mabondia wa ulingo wa pili. Mashindano hayo yanakumbukwa pia kwa uamuzi mbovu: Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu ya uzito wa welta kati (kilo 71) kwa kura 3 dhidi ya 2 mbele ya Park Si-hun wa Korea Kusini, ingawa karibu kila aliyeutazama mpambano huo aliona kwamba Jones ameshinda kwa mbali. Aibu hiyo ilichangia kuingizwa kwa kompyuta katika kuhesabu pointi kwenye Olimpiki iliyofuata.

Wangila hakuwaachia majaji nafasi ya namna hiyo. Alikuwa na ngumi nzito zenye kumaliza kazi, jambo lililokuwa adimu kidogo katika ngumi za ridhaa, ambako mapambano yalikuwa ya raundi 3 tu za dakika 3 na mabondia walivaa kinga ya kichwa. Katika nusu fainali alipita bila kupigana, kwani Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni. Upande wa pili Laurent Boudouani wa Ufaransa alimwondoa Mmarekani Kenneth Gould, bingwa wa dunia wa mwaka 1986. Kwa hiyo Mfaransa aliingia fainali akiwa na sifa kubwa.

Fainali haikufika raundi ya tatu. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha Boudouani kwa nokauti.

Kenya ilimaliza michezo hiyo ikiwa na medali 9, zikiwemo dhahabu 5. Dhahabu nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng (mita 800), Peter Rono (mita 1500), John Ngugi (mita 5000) na Julius Kariuki (mita 3000 kuruka viunzi na maji). Ya tano ilikuwa ya Wangila. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzito wa kati.

Biashara ya ngumi ilivyokuwa ikibadilika

Ili kuelewa uamuzi wa Wangila wa kwenda Marekani, inafaa kutazama jinsi mapambano yalivyouzwa wakati huo. Hadi miaka ya 1970 pambano kubwa lilionyeshwa katika kumbi za sinema zilizopokea picha moja kwa moja, na watu walilipa mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Lilianza alfajiri kwa saa za Zaire ili watazamaji wa Marekani wawe kumbini usiku.

Katika miaka ya 1980 kumbi hizo zilianza kupoteza nafasi yake. Televisheni za waya ziliwawezesha watu kununua pambano moja na kulitazama wakiwa nyumbani, na malipo yakaingia kwenye bili. Mieleka ya kulipwa ilipita njia ileile, pengine kwa haraka zaidi. WrestleMania ya kwanza, tarehe 31 Machi 1985 mjini New York, ilitegemea zaidi kumbi; Muhammad Ali mwenyewe alikuwa mmoja wa waamuzi siku hiyo. Miaka michache baadaye maonyesho ya mieleka yalikuwa yakiuzwa hasa majumbani, na mwaka 1993 WrestleMania ilifanyika katika hoteli ya Caesars Palace huko Las Vegas, mahali palepale palipokuwa pakipigwa ngumi kubwa za dunia. Wanunuzi waliotafutwa na mieleka na ngumi walikaribiana sana. Tofauti ni kwamba mshindi wa mieleka hupangwa kabla, na wanamieleka hushirikiana ili wasiumizane kupita kiasi, ingawa ajali hutokea. Bondia hana makubaliano ya namna hiyo na mpinzani wake.

Mwaka 1991 pambano la Evander Holyfield na George Foreman lilinunuliwa na nyumba zipatazo milioni 1.4. Fedha hizo zilikwenda kwa majina machache ya juu. Mabondia wengine waliishi kwa mapambano ya utangulizi, au kwa maonyesho madogo ya hoteli na kasino, ambako malipo hugawanywa na meneja, mwalimu na gharama za kambi. Kwa kawaida meneja huweza kuchukua hadi theluthi moja.

Waafrika Mashariki walikuwa wameshaingia katika soko hilo. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1979 na Cornelius Boza-Edwards mwaka 1981. John Mugabi alipigana na Marvin Hagler huko Las Vegas tarehe 10 Machi 1986, baada ya kuwaangusha wapinzani wake wote waliotangulia; alishindwa katika raundi ya 11, lakini mwaka 1989 alitwaa mkanda wa WBC wa uzito wa welta kati. Wote watatu walikuwa wamejengwa na promota na mameneja wa Ulaya kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa pambano kubwa.

Ngumi za kulipwa

Wangila aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1989. Katika Marekani medali yake haikuwa na uzito uliokuwa nayo nyumbani. Wenzake wa Seoul kama Roy Jones, Riddick Bowe, Lennox Lewis, Ray Mercer na Kennedy McKinney walikuwa na umati wao wa mashabiki, promota waliowasubiri na vituo vya televisheni vilivyowajua kwa majina. Wote watano wakawa mabingwa wa dunia. Mkenya hakuwa na soko la nyumbani la kumlipia pambano. Katika Kenya ya wakati huo hakukuwa na televisheni ya kununua pambano, na ngumi za kulipwa zilikuwa changa.

Mtindo wake nao ulipaswa kubadilika. Raundi 3 ziliongezeka hadi 8 na 10, kinga ya kichwa ikaondolewa, na wapinzani walikuwa watu waliozoea kupokea ngumi ya mwanzo na kuendelea mbele. Wangila aliendelea kushinda wengi kwa nokauti, lakini alipoteza pia mapambano ambayo bondia anayeandaliwa kwa ubingwa hupaswa kuyashinda. Rekodi yake ya mwisho ni ushindi 22 na kushindwa 5. Hakuwahi kushinda ubingwa wa dunia. Ni rekodi nzuri kwa bondia wa kawaida. Kwa bingwa wa Olimpiki ni ya chini, na ilimweka katika kundi la wale wanaoitwa kupimana nguvu na vijana wanaopanda.

Pambano la mwisho na kifo

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994 Wangila alipigana na David Gonzales katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas. Pambano lilipangwa kuwa la raundi 10. Katika raundi ya 9 mwamuzi Joe Cortez alilisimamisha kwa kuona kwamba Wangila anapokea ngumi nyingi. Wangila alipinga uamuzi huo akiwa bado amesimama, akitaka kuendelea. Kisha akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha kubadilishia nguo. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu.

Hali hiyo inafahamika kwa madaktari wa michezo. Ngumi za kichwa huweza kuchana mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na utando wake wa nje. Damu huvuja polepole, na kwa dakika kadhaa mgonjwa huweza kuzungumza, kubishana na kutembea kana kwamba hana tatizo. Damu inapojikusanya hukandamiza ubongo, naye huanguka ghafla. Kwa hiyo kulalamika kwa bondia hakuthibitishi kwamba mwamuzi amekosea. Katika pambano hili huenda Cortez alikuwa amechelewa tayari, bila yeye wala mtu mwingine kuweza kulijua hilo kwa macho.

Wangila alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyoganda, lakini hakuzinduka. Alifariki Jumapili tarehe 24 Julai.

Mwili ulirudishwa Kenya, ambako ulizuka mvutano kuhusu mazishi. Wangila alikuwa amesilimu, ilhali familia aliyozaliwa ilikuwa ya Kikristo, na kila upande ulitaka azikwe kwa taratibu zake. Wakenya walikuwa bado wanaikumbuka kesi ya mwanasheria S. M. Otieno ya mwaka 1987, ambamo mjane na ukoo wa mumewe walishindana mahakamani kwa miezi mingi kuhusu mahali pa kumzika.

Baada yake

Hoteli ya Aladdin ilibomolewa mwaka 1998. Laurent Boudouani, aliyeangushwa Seoul, alitwaa mkanda wa WBA wa uzito wa welta kati mwaka 1996 na kuutetea hadi mwaka 1999.

Nchini Kenya mfumo wa timu za waajiri ulidhoofika katika miaka ya 1990, na klabu nyingi za mitaani zilibaki bila vifaa. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyepata medali yoyote ya Olimpiki tangu Wangila na Sande walipopanda jukwaani mwaka 1988.