Mtakatifu Fransiska Cabrini na Mgonjwa Aliye Ugenini



Leo nawaletea maisha ya Mtakatifu Fransiska Cabrini, msimamizi wa wahamiaji. Nimemchagua kwa ajili yetu sisi vijana wa Tarime na Serengeti. Kwetu kuvuka mpaka pale Sirari ni jambo la kawaida: mmoja anatafuta kibarua Migori, mwingine anafika hadi Nairobi. Wakurya tuko pande zote mbili, kwa hiyo Isebania hukosi wa kusalimiana naye kwa lugha ya nyumbani. Lakini ukiugua, salamu hailipi bili. Utatibiwa wapi? Nani atalipa?

Fransiska alizaliwa mwaka 1850 huko Lombardia, kaskazini mwa Italia. Afya yake ilikuwa dhaifu, na alipoomba kuingia utawa alikataliwa kwa sababu hiyo. Hakukata tamaa. Mwaka 1880 akaanzisha shirika lake la Masista Wamisionari wa Moyo Mtakatifu. Alitamani sana kwenda China, ila Papa Leo XIII akamwelekeza magharibi, kwa Waitaliano waliokuwa wanahamia Marekani kwa maelfu. Akafika New York Machi 1889 na masista 6. Na huyu mama aliogopa maji tangu utotoni, lakini alivuka bahari zaidi ya mara 20!

Waitaliano wale walifanya kazi ngumu kwenye reli, migodi na viwanda. Akiumia mtu, anapelekwa hospitali asikoelewa daktari anasema nini, na daktari naye hamwelewi. Mfukoni hana kitu. Hospitali moja ya Waitaliano ilikuwa imeshaanzishwa, na masista wa Fransiska walikwenda kuhudumu pale, lakini madeni yakaielemea. Basi mwaka 1892 Fransiska akaanza upya, katika nyumba za kupanga, na vitanda 10 tu. Akaiita Hospitali ya Columbus. Hapo mgonjwa aliweza kueleza maumivu yake kwa lugha yake, na maskini hakufukuzwa mlangoni.

Msidhani alikuwa mtu wa huruma tu asiyejua hesabu. Huko Chicago alinunua hoteli, akaigeuza hospitali mwaka 1905. Inasimuliwa kwamba kabla ya kukamilisha mkataba aliwatuma masista alfajiri wakapime kiwanja kwa kamba, wakagundua wauzaji wanataka kumpunja. Alijua kwamba shilingi inayoibiwa ni dawa ya mgonjwa fulani.

Alipata uraia wa Marekani mwaka 1909, akafariki Chicago tarehe 22 Desemba 1917, akiwa ameacha taasisi 67: shule, hospitali na nyumba za yatima. Mwaka 1946 Papa Pio XII alimtangaza mtakatifu, na mwaka 1950 akamfanya msimamizi wa wahamiaji.

Mimi najifunza hivi: huruma bila hesabu inafunga milango mapema, na hesabu bila huruma inamwacha mgeni nje. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuvuka, uliza mapema kama bima yako inafanya kazi huko uendako; kama haifanyi, ulizia ya huko inapatikanaje. Weka akiba kidogo ya matibabu, usiiguse. Tafuta parokia na jumuiya wiki ya kwanza, usingoje hadi homa ikulaze, maana mgonjwa asiyejulikana hana wa kumchangia.

Na sisi tunaobaki? Wapo wageni waliovuka kuja kwetu, wanafanya kazi Tarime mjini na Mugumu. Jumuiya yako inapochangia wagonjwa, jina la mgeni yule wa nyumba ya tatu limo kwenye daftari? Wiki hii nenda kamuulize hali yake.

Tuombe: Ee Bwana, uliyekimbizwa Misri ungali mtoto, walinde wenzetu walio ugenini, na wanaougua uwapatie mtu wa kuwashika mkono. Amina.

Mtakatifu Fransiska Cabrini, utuombee.