James Chuma, kijana aliyepita bonde letu la Ruvuma kwa miguu



Tumezoea kusoma hapa maisha ya watakatifu. Leo mniruhusu nimlete mtu ambaye hajatangazwa mtakatifu, na wala hakuwa Mkatoliki. Alibatizwa na Wapresbiteri, akafia mikononi mwa Waanglikana. Lakini kuna tendo moja la huruma ambalo Kanisa letu linatufundisha tangu katekisimu ya watoto, na sijui Mwafrika wa karne ile aliyelitenda kwa gharama kubwa kama yeye na wenzake. Nalo ni kuzika wafu.

Mimi ni wa Nanyamba. Ukishuka kusini kutoka kwetu unafika bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Shuleni tulifundishwa kwamba Dr. Livingstone alipita upande huu mwaka 1866. Sawa, alipita. Ila nani alimpikia, nani alimbebea, nani alimtafsiria lugha za watu? Pale Mikindani kuna nyumba yenye kibao cha jina la Livingstone. Kibao cha Chuma mimi sijakiona.

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa bado mtoto aliuzwa utumwani, akajikuta kwenye msafara wa watumwa nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Julai 1861 Livingstone na wamisionari wa Kianglikana waliokuwa na Askofu Mackenzie waliwafungua watumwa wengi upande ule, na Chuma akawa mmoja wa waliofunguliwa. Alilelewa na wamisionari hao. Mwaka 1864 Livingstone alimvusha bahari yeye na mwenzake Wikatani hadi Bombay, India, akawaacha shuleni huko. Desemba 1865 wakabatizwa, Chuma akaitwa James na Wikatani akaitwa John. Mwezi uliofuata wakaanza safari ya kurudi Afrika. Hapo Chuma ana miaka kama kumi na sita hivi, yaani rika la kidato cha tatu.

Machi 1866 meli iliwaleta kwenye mdomo wa Ruvuma. Wakakuta mikoko imeziba kila mahali, hakuna pa kushushia wanyama, ikabidi wageuze hadi Mikindani. Na wanyama wenyewe si mchezo: ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Livingstone alitaka kupima kama ngamia wanaweza kuhimili mbung'o. Watu nao walikuwa wa kila namna: askari wa Kihindi, watu wa Visiwa vya Komoro, vijana waliosomeshwa Nasik kule India, akina Susi na Amoda kutoka Zambezi, na hao Wayao wawili, Chuma na Wikatani.

Mwanzoni mwa Aprili wakaanza kutembea kuelekea Ruvuma. Hapa wenzangu wa huku mtanielewa haraka. Mnajua vichaka vyetu vilivyo, mnajua njia ya mguu inayopita humo. Inamtosha mtu mmoja akiwa na mzigo kichwani, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Ngamia haingii! Mizabibu mwitu na matawi yanamkamata shingoni na kwenye mzigo. Ikabidi wakodiwe Wamakonde, babu zetu hao, waende mbele na mashoka na mapanga kupanua njia, na Livingstone mwenyewe alistaajabia kasi yao. Basi msafara ukaenda hivyo, kufyeka na kutembea, mpaka wakaufikia mto na kuufuata kuelekea magharibi, chini ya mwinuko wa Umakonde, hadi Ngomano, pale Lugenda inapoingia Ruvuma. Walifika hapo katikati ya Mei.

Kupanda zaidi, msitu ukawa mwepesi, lakini njia ikawa nzito. Njia ile ile ndiyo waliyopitishwa watumwa kuletwa pwani. Vijiji vilikuwa vimehamwa kwa uvamizi, chakula kikawa shida. Kando ya njia walikuta maiti. Walimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa, kwa sababu alishindwa kuendana na wenzake. Wengine walikuwa wameachwa na miti ya utumwa shingoni mpaka njaa ikawamaliza.

Naomba tusipite hapa haraka. Kwa Livingstone yale yalikuwa mambo ya kuandika kwenye daftari na kupigia kelele Ulaya, na alifanya vizuri. Kwa Chuma yalikuwa kitu kingine. Miaka mitano tu nyuma yeye ndiye alikuwa kwenye kamba. Sasa anapita njia ya namna ile ile akiwa huru, anatazama maiti ambazo hakuna aliyezizika. Sijui kijana wa miaka kumi na sita analala vipi usiku baada ya hapo.

Ngamia na nyati walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa mbung'o na kwa kuteswa na askari. Askari wakarudishwa pwani. Agosti wakafika Ziwa Nyasa. Wikatani akakutana na ndugu zake, akabaki nao, na nani angemlaumu? Watu wa Komoro wakatoroka, wakaenda Zanzibar kutangaza uongo kwamba Livingstone ameuawa. Chuma akaendelea.

Miaka iliyofuata siwezi kuieleza yote. Ila jambo moja siwezi kulificha, maana wasifu mwingi wa kidini una tabia ya kufuta mambo kama haya. Mwaka 1868 Chuma na Susi waligoma. Walichoka, wakakataa kwenda Ziwa Bangweulu, na Livingstone akaondoka na watu wachache sana. Aliporudi aliwapokea tena, tena bila kinyongo kikubwa, kwa kuwa hata yeye alijua uchovu ule. Kwa hiyo uaminifu wa Chuma haukuwa wa malaika. Ulikuwa wa mtu aliyewahi kusema basi, kisha akarudi.

Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alikutwa amekufa amepiga magoti kando ya kitanda. Jamani, hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mwajiri amekufa, hakuna Mzungu wa kuwasimamia, mshahara uko Zanzibar kama utakuwepo. Wangeweza kumzika pale pale na kila mtu akashika njia yake. Na kubeba maiti katika nchi zile kulikuwa hatari ya kweli, kwa sababu watu waliogopa uchawi, na kifo cha mgeni kiliweza kuleta faini au vita.

Wakakaa kikao, wakaamua kumpeleka kwao. Moyo wake wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliosoma Nasik, akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaushona ndani ya turubai. Kisha wakatembea, watu kama sitini, zaidi ya kilomita 1,600. Kwa sisi wa Mtwara, ni kama kwenda Dar es Salaam, kurudi, na kwenda tena, kwa mguu, na maiti begani. Mimi na vijana wenzangu wa parokia tukifanya hija ya siku moja tunafika na malengelenge, na tunaimba njia nzima ili tusisikie maumivu!

Karibu na Tabora Chuma alitangulizwa mbele kupeleka habari. Huko wakamkuta ofisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele zaidi kijiji kimoja kikawazuia kupita na maiti, nao wakatengeneza mzigo wa uongo wakajifanya wanaurudisha Tabora kwa maziko, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo. Ukisoma Kitabu cha Tobiti utakumbuka kwamba hata yeye alizika wafu kwa siri huku akiwindwa na mfalme.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Na hapa Wakatoliki tunaingia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa pale tangu 1868, wakiwatunza watumwa waliokombolewa, na tarehe 24 mwili ule wa Mprotestanti ulipokewa na kuwekwa kanisani kwao. Mnara wa kanisa hilo la zamani upo hadi leo. Ukienda hija Bagamoyo, simama hapo.

Baada ya hapo meli ya Kiingereza ikauchukua mwili, na Chuma na Susi wakaachwa. Walilipwa, basi. Aprili 18 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, na hao wawili hawakuwepo. Baadaye rafiki mmoja wa marehemu aliwalipia nauli, wakafika maziko yameshapita. Wakamsaidia Horace Waller, aliyemfahamu Chuma tangu utoto misheni, kuandaa daftari za mwisho za Livingstone kwa uchapaji.

Chuma akarudi nyumbani. Alifanya kazi na Askofu Edward Steere akiongoza misafara ya misheni huku kusini, miaka ile ile ambayo Masasi ilianzishwa, 1876, kuwa makazi ya watumwa walioachiwa huru. Mwaka 1879 akawa kiongozi wa wapagazi wa Joseph Thomson, na mkuu wa safari alipofariki njiani, ni uzoefu wa Chuma uliomfikisha kijana yule Mskoti Ziwa Nyasa na Tanganyika. Mwaka 1881 Sultani Barghash alimtuma Thomson kutafuta makaa ya mawe bonde la Ruvuma, na Chuma akaenda naye. Miaka kumi na mitano baada ya wale ngamia, akapita tena bonde letu, safari hii yeye ndiye anayewapanga watu kwenye mstari na kuamua wapi walale.

Mwaka uliofuata, 1882, kifua kikuu kilimuua Zanzibar, hospitalini kwa misheni ya Kianglikana. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Novemba iliyopita, nilipokuwa najaza bahasha ya misa ya marehemu, baada ya bibi na babu nilikuwa bado na mstari mmoja. Nikaandika James Chuma.